Tsonka na Namba Iliyoandikwa Labda

"Mitra, wewe ndiye unayeingia kwake kila siku. Hebu niambie, mwanamke mwenye akili zake timamu anaitakia nini namba ndefu kiasi hicho?"

Aliyeniuliza ni Pencho, msimamizi wa jengo letu, tulipokutana kwenye ngazi naye ameshika ndoo ya maji. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasema amekwisha kumuuliza, na jibu alilopewa ni kwamba yeye Pencho anakusanya vibandiko vya chupa za bia tangu alipotoka jeshini, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza vitamfikisha wapi.

Huyo ndiye Tsonka Petrova Rabadjieva, jirani yangu wa mlango wa pili, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Naandika habari zake kwa sababu hapa mjini Dryanovo watu wamekwisha kuzisimulia vibaya, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na mimi nilikuwapo. Tena sehemu moja ya habari hizi ni kosa langu, kwa hiyo ni haki niiseme mimi.

Namba yenyewe ilikuwa na tarakimu elfu kumi na moja mia tatu na kumi na nane. Aliichapisha kwenye karatasi, zikajaa nne bila nafasi hata ya kupitisha sindano, akazibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pale wengine wanapobandika kalenda ya watakatifu. Ukifungua kuchukua chumvi unaiona. Mimi nilizoea kuiona mpaka nikawa naisalimia.

Tsonka aliingia kiwandani akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Wakati ule nchi yetu ilitengeneza kompyuta, na kazi ya kulehemu bodi zake za umeme ilikuwa ya wanawake, kwa kuwa mikono yetu ni midogo na haitetemeki. Wakakaa safu kwa safu, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia na waya wake wa bati, moshi unawapanda puani. Siku moja alimuuliza injinia aliyepita nyuma yake kwamba hii bodi, ikishawashwa, inahesabu vipi. Yule injinia akamjibu kwa upole kabisa kwamba mikono haina haja ya kujua. Tsonka hakukasirika. Aliazima kitabu cha hesabu cha sekondari kwa binti wa shangazi yake, akakisoma kituoni akisubiri basi la zamu, ukurasa mmoja kwa basi moja. Alipokimaliza akaazima cha juu yake.

Kiwanda kilipofungwa wenzake walibeba viti na mapazia. Yeye aliomba masanduku mawili ya bodi mbovu, wakampa wakicheka. Baada ya hapo alifanya kazi ya kuoka mikate miaka ishirini na miwili. Mwoka mikate anamaliza kazi saa sita mchana, na mchana wote uliobaki ulikuwa wake. Mumewe Iliya, Mungu amlaze pema, alikuwa dereva wa basi, na alizoea kusema kwamba wenzake wakirudi nyumbani wanakuta supu na yeye anakuta bisibisi. Lakini supu ilikuwapo vilevile. Binti yao Nevena yuko Hispania, na ndiye aliyemtumia mama yake kompyuta kubwa nyeusi yenye feni tatu, ile iliyofanya kazi hii.

Sasa nieleze namba, na mimi shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Tano, saba, kumi na moja. Ndogo unaijua kwa kujaribu. Kubwa ya tarakimu elfu kumi na moja huwezi kujaribu kila kigawanyo hata ungeanza siku ile Nuhu aliposhuka safinani. Kuna kipimo cha haraka, na hicho kinaweza kukwambia kwa hakika kwamba namba inagawanyika, lakini hakiwezi kukwambia kwa hakika kwamba haigawanyiki. Kinachosema ni labda. Labda yenye nguvu sana, lakini labda. Tsonka aliipata namba yake miaka tisa iliyopita, yeye mwenyewe, na ikaingizwa kwenye orodha ambayo watu wa kazi hiyo wanaitunza duniani kote. Ikakaa humo na jina lake, na mbele ya jina neno hilo: labda.

Kuondoa neno hilo ndiko kulikokuwa haja yake. Ipo programu inayofanya hivyo, na alinieleza namna yake tukikata kabichi ya kutia chumvi, mwezi wa kumi. Programu inaichukua namba kubwa, inatafuta nyingine ndogo kidogo, na kusema: huyu wa juu ni wa kweli ikiwa huyu wa chini ni wa kweli. Kisha inamtafutia yule wa chini mdhamini wake, na huyo wake, kipandio kwa kipandio, hadi inafika chini kwenye namba ndogo ambayo haihitaji mdhamini kwa kuwa unaweza kuijaribu mwenyewe. Chini ikishika, yote ya juu yameshika. Ngazi nzima inaandikwa kwenye cheti, na mtu yeyote akiwa na mashine yake anaweza kukikagua bila kumwamini aliyekiandika.

Nilimwambia hilo la kutomwamini mtu halinipendezi. Akasema, "Mitra, hilo ndilo tamu kuliko yote. Hawana haja ya kunijua mimi ni nani."

Watu wa orodha wana desturi yao. Ukitaka kuthibitisha namba unaiwekea jina, ili mwingine asipoteze miezi kwa kazi ileile, na unapewa miezi sita na siku kumi. Ikipita bila cheti, namba inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Tsonka aliweka jina siku ya Mtakatifu Dimitri, mwisho wa Oktoba, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa siku ya Mtakatifu Georgi, Mei sita. Tulicheka, maana babu zetu waliajiri wachungaji kwa tarehe hizo hizo, ila wao walianza na Georgi. Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo mtu wa Denmark mwenye mashine arobaini. Huyo angeimaliza kwa siku chache, na cheti kingekuwa na jina lake. Namba ya Tsonka ingekuwa ya kweli, lakini ukweli wake ungekuwa wa mtu mwingine.

Mashine ikaanza kushuka. Vipandio vya juu ndivyo vigumu, kimoja kinaweza kuchukua siku nzima, na kadiri namba inavyopungua ndivyo kasi inavyoongezeka. Krismasi ikapita, Mtakatifu Trifon, mlinzi wa mizabibu, akapita na mvinyo wake. Katikati ya Februari mashine ilikuwa kwenye kipandio cha mia mbili na hamsini kati ya elfu moja na kitu, na Tsonka alisema hesabu yake inakwenda sawa, atamaliza mwanzo wa Aprili, abaki na mwezi mzima wa kunywa kahawa.

Ndipo alipoitwa hospitali ya Tarnovo kufanyiwa upasuaji wa jicho. Angekaa siku nne. Akaniachia ufunguo na maagizo matatu: niangalie taa ya kijani kama inawaka, nifungue dirisha kidogo mchana, nisiguse kitu.

Ilikuwa wiki ya jibini, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima. Baada ya Jumapili ya wiki hiyo hakuna maziwa mezani hadi Pasaka, kwa hiyo kila nyumba inagandisha mtindi wa mwisho, na mimi nilikuwa na lita sita za maziwa ya nyati wa kufugwa kutoka kwa binamu yangu. Siku hizo baridi ilikuwa kali, na jiko langu la kuni lilikuwa limezibwa bomba, fundi hajaja. Kila mtu anajua mtindi haugandi kwenye chumba cha baridi. Unataka joto la polepole, lisilopanda wala kushuka, saa nne au tano, nao umefunikwa kama mtoto mchanga. Siku ya Jumatano nikaingia kwa Tsonka kuangalia taa. Taa ilikuwa ya kijani. Nikaweka mkono juu ya ile mashine nyeusi, na joto lake lilikuwa lilelile alilokuwa akilitafuta mama yangu kwa kidole chake kidogo.

Sikugusa kitu. Niliweka sufuria mbili juu yake, nikafunika na blanketi la sufu, nikashukuru Mungu, nikaenda zangu.

Mtindi ulitoka mzito mpaka kijiko kilisimama. Nilimpelekea bakuli hospitali siku iliyofuata. Jumapili, Tsonka ameshatoka, nilikwenda kwake kama tunavyofanya sote jioni ile ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima, nikapiga goti na kumwomba anisamehe kwa yote niliyomkosea mwaka ule. Akaniambia Mungu amekusamehe, nami nimekusamehe, akaniomba na yeye, tukabusiana. Wala sikukumbuka sufuria.

Mashine ilikuwa imekwama. Kipandio cha mia mbili sitini na moja hakikupata mdhamini. Tsonka hakushtuka, kwa sababu wanaofanya kazi hii wanajua namba nyingine ni bishi, unaiacha itafute. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Aliketi mbele ya skrini na kitambaa juu ya jicho moja kama nahodha, akisema ipo tu, itajitokeza. Ikaingia wiki ya tano.

Siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ingawa ni Kwaresima, tunaruhusiwa samaki. Nilitoka kanisani nikamkaangia kambare, nikampelekea. Akaniambia niweke sahani chini, nikae.

"Mashine imenidanganya," alisema. "Leo nimeichukua hiyo namba ya mia mbili sitini na moja nikaigawa kwa tatu. Ikagawanyika."

"Kwa tatu?"

"Kwa tatu, kama mayai."

Hata mimi nilielewa hapo. Wiki tano mashine ilikuwa inamtafutia mdhamini mtu mwongo. Namba iliyopimwa ilikuwa safi, lakini kati ya kupimwa na kuandikwa tarakimu zilikuwa zimegeuka ndani ya kumbukumbu ya mashine, na hilo, alisema Tsonka, mara nyingi hutokea kwa joto kupita kiasi. Akanionyesha ilipoandikwa: Jumatano, Februari ishirini na mbili, saa tano na dakika kumi asubuhi. Akauliza kama siku ile nilisahau dirisha, au kama umeme ulicheza.

Mungu anirehemu, kwa muda wa kama Baba Yetu moja nilifikiri kunyamaza. Kisha nikasema, "Ni mtindi, dada."

Akanitazama kwa lile jicho jipya.

"Sufuria ngapi?"

"Mbili."

"Na blanketi?"

"Lile la mama, la sufu. Nilifunika pande zote."

"Hata nyuma, kwenye feni?"

"Nyuma hasa. Kulikuwa na upepo unatoka, nikaona utapoza maziwa."

Alifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikaanza kulia na mimi. Kumbe anacheka. "Na ule ulioniletea wodini ndio huo huo," akasema akifuta jicho zuri. "Niliwagawia wagonjwa wote sita, nikawaambia maisha yangu sijala mtindi kama huu. Daktari aliomba utaratibu wa kuutengeneza."

Nikapiga goti tena pale jikoni. Akaninyanyua kwa kwapa. "Simama, utachafua soksi. Jumapili ile uliniomba msamaha nikakupa. Nilikupa wa jumla, Mitra. Mtindi umo."

Ila kucheka kulipokwisha nilimwona anahesabu. Kila kilichoandikwa kuanzia kipandio kile kilikuwa cha kutupa. Ilibidi arudi mia mbili na sitini na kushuka upya. Wiki tano na siku kadhaa za kushuka, kisha siku sita za programu kuandika cheti, kisha mtu wa nchi nyingine akikague, kwa kuwa desturi yao haikubali ujikague mwenyewe. Kwenye kalenda zilibaki wiki sita. Na Aprili inakuja, nyumba zetu zinatazama jua, mashine ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe. Alisema kwa hali hiyo hatafika. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema unga umekwisha, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipigia kelele.

Nilikaa nikafikiri ni wapi katika jengo letu pana baridi hata mwezi wa saba. Nikasema, "Stoo yangu ya chini."

Kila nyumba ina stoo yake chini ya ardhi, ya viazi na pipa la kabichi. Yangu iko upande wa kaskazini, ukuta wake unatoa baridi kama kisima. Nilitoa pipa, mitungi ya pilipili na ya matunda ya kuchemshwa ya miaka mitatu, nikafagia, nikapangusa ukuta kwa siki. Tatizo lilikuwa umeme, kwa kuwa sanduku la umeme la chini lina kufuli na ufunguo anao Pencho.

Pencho alikataa. Alituambia, amesimama mlangoni kwake na kitambaa cha mezani shingoni, kwamba stoo ni ya kabichi kwa mujibu wa kanuni za jengo, na akiruhusu kompyuta leo, kesho mtu atamletea mbuzi. Kisha akauliza kwa kweli, si kwa dhihaka, "Tsonka, wewe mwenyewe ulisema kipimo kimesema labda, na labda yenyewe ni karibu na hakika. Unahangaikia nini?"

"Jirani," Tsonka akamjibu, "siku ya harusi yako ilikuwa karibu na hakika kwamba Stefka atakuja kanisani. Ulianza ibada kabla hajafika?"

Ndani tukamsikia Stefka, mkewe, anaangusha mwiko kwa kicheko. "Alinisubiri dakika arobaini," alisema kutoka jikoni. "Alikuwa mweupe kama jibini. Mpe ufunguo, Pencho."

Akatoa ufunguo. Halafu, kwa vile yeye ni fundi umeme mstaafu na hawezi kuona waya wa mtu ukaning'inia, akashuka nasi akavuta waya mpya, akafunga plagi mbili, akapima kila kitu mara tatu. Tukaishusha mashine ghorofa tatu, mimi na Tsonka tumeshika pembe, Pencho anatangulia akituelekeza kama tunashusha kinanda. Siku hiyo hiyo saa kumi jioni ilianza tena, kutoka kipandio cha mia mbili na sitini. Ile baridi ya ukutani ilifanya kazi yake. Feni, zilizokuwa zikilia kama nyuki juu, chini zilinong'ona tu.

Pencho alianza kushuka kila asubuhi kabla ya kahawa. Alisema anakagua waya. Kisha nikaona ameandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo yangu: mia mbili themanini na nne. Kesho yake akaifuta akaandika mia mbili tisini na moja. Wiki ya pili watu waliokuja kuchukua viazi walikuwa wakisimama kusoma. Wiki ya tatu hawakuwa wanachukua viazi tena, walikuja kusoma tu, na mtu akikutana na mwingine kwenye ngazi hakumuuliza habari za mgongo bali alimuuliza imefika wapi. Wapo walioikejeli, sikatai. Mmoja wa ghorofa ya nne alisema tumempata mungu mpya chini kwa chini. Nilimjibu kwamba mimi nasali Utatu Mtakatifu kila Jumapili na sijamwona yeye huko, akaacha.

Siku ya Pasaka nilishuka na yai jekundu, Pencho akataka kuliweka juu ya mashine liilinde. Tsonka alilitoa taratibu akampa mkononi. "Juu ya mashine hakuna kitu," alisema, "hata cha Bwana." Nami niliona ana haki, na Bwana pia aliona.

Katikati ya mwezi ilikuja barua ya yule mtu wa Denmark. Tsonka alinisomea. Aliandika kwa adabu kwamba anaheshimu tarehe yake, hana haraka, na mashine zake ziko tayari kuanzia Mei saba. Nikasema mbona ni muungwana. "Ni muungwana sana," Tsonka akasema. "Ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia." Wiki hiyo hakula vizuri. Kila nikishuka nilimkuta amekaa juu ya pipa langu la kabichi, koti mabegani, anatazama tarakimu zinapita. Nilikaa naye na tasbihi yangu ya sufu, yeye na namba zake, na sikuona kama tunafanya vitu viwili tofauti sana.

Lakini ilikuwa inakwenda. Mia tano. Mia saba. Sasa vipandio vilipita kwa dakika, Pencho akachoka kufuta akaanza kuandika "zaidi ya mia tisa". Aprili ishirini na saba, Alhamisi, saa nane mchana, ikafika chini. Elfu moja na arobaini na sita. Namba ya chini kabisa ilikuwa fupi, unaiandika kwenye kiganja, na programu ikaigawa kwa kila kinachostahili kujaribiwa na haikugawanyika. Tsonka aliandika mwenyewe mlangoni kwa chaki, kwa haraka hata nne yake ikatoka kama tisa.

Siku sita za kuandika cheti. Mei tatu kikatoka. Alikipandisha juu kwenye kompyuta nyingine ya zamani aliyokuwa nayo nyumbani, yenye programu nyingine iliyoandikwa na mtu mwingine, akakipitisha. Kipandio kwa kipandio ikasema ndiyo. Ilipokaribia mia mbili sitini na moja nilitoka nje kwenye roshani, sikuweza kuona. Nikasikia kutoka ndani: "Mtindi umepita, Mitra. Rudi."

Akakituma. Mkaguzi aliyepangwa alikuwa mwalimu mmoja wa Finland, mwanamke, hatujapata kumwona. Mei nne kimya. Mei tano kimya, na Tsonka alisafisha nyumba nzima, akafua mapazia ambayo yalikuwa safi.

Siku ya Mtakatifu Georgi nilikwenda kanisani asubuhi na mkate, nikarudi na kipande kilichobarikiwa ili nimpe. Uani Pencho na wanaume wawili walikuwa wanamgeuza kondoo, moshi umejaa mpaka kwenye madirisha. Nilimkuta Tsonka amesimama, hakuketi, mikono nyuma, kama mtu anayetazama picha. Kwenye skrini ilikuwa ile orodha. Nilikwisha kuizoea, kwa hiyo nililitafuta jina lake moja kwa moja. Namba ilikuwa palepale, jina lilikuwa palepale, na neno la mbele halikuwapo. Badala yake paliandikwa: imethibitishwa.

"Imeandikwa saa moja na nusu," alisema. "Nilikuwa nachemsha chai."

Nikampa mkate. Akala nusu amesimama, kisha akafungua dirisha na kumwambia Pencho kule chini kwa sauti ya kawaida tu kwamba imepita. Pencho aliweka chini uma wa kondoo. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasimama hivyo kwenye moshi, mtu mzima wa miaka sabini. Stefka ndiye aliyeanza kupiga makofi, na baada yake roshani zote, hata yule wa ghorofa ya nne.

Pencho alitaka mji ujue. Ndiye anayechapisha matangazo ya msiba ya jengo letu, yale yanayobandikwa mlangoni na kwenye miti ya mtaa, na kompyuta yake ina karatasi moja tu iliyopangwa tayari. Aliweka picha ya Tsonka, akatoa msalaba. Fremu nyeusi hakuitoa, alisema ilionekana ya heshima. Chini akaandika: "Baada ya kazi ndefu na uvumilivu mwingi, Tsonka wetu Petrova Rabadjieva amefika mwisho." Akabandika tisa.

Saa tisa mchana mlango ukagongwa. Walikuwa wanawake watatu aliooka nao mikate, wamejifunga vitambaa vyeusi, macho mekundu, na maua ya mikarafuu mikononi, manne. Aliyefungua ni Tsonka mwenyewe, mdomo umejaa kondoo. Mmoja alijishika ukutani. Nilipowaeleza, walianza kulia upya kwa aina nyingine, wakamkumbatia pamoja na uma wake, na yule mkubwa wao, Gina, akayatazama maua. Kwa marehemu idadi hugawanyika kwa mbili, kwa aliye hai haigawanyiki. Akachomoa ua moja akanipa mimi, matatu akampa Tsonka. "Shika," alisema. "Sasa ni ya mtu aliye hai."

"Tatu nayo ni tasa," Tsonka akasema, na alicheka mpaka ikabidi akae.

Matangazo yalikaa siku mbili. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaa alikuja, kisha watu wawili wa halmashauri waliotaka kumpa cheti cha heshima ukumbini. Aliwashukuru, akasema cheti anacho, kina vipandio elfu moja na arobaini na sita, wakitaka wakikague. Walitazamana. Mtu wa Denmark naye aliandika, mstari mmoja, kumpongeza, na huo aliuchapisha.

Jumatatu niliposhuka kurudisha pipa langu nilimkuta ameshanitangulia stooni, koti mabegani, anaandikia wenye orodha. Nikamuuliza kama nianze kupanga mitungi. Akasema ningoje kidogo, akanigeuzia skrini nisome. Yaliandikwa haya:

"Naomba mniwekee jina kwenye ile namba nyingine ya labda, ya tarakimu elfu kumi na nne. Naomba miezi kumi badala ya sita, kwa sababu mashine ni moja. Mahali pa baridi ninapo."